Bega lililoganda kwa mkulima mwenye kisukari: mazoezi gani, na kwa kiasi gani

Swali: Mimi ni mama wa miaka 53, mkulima wa zabibu Hombolo, Dodoma. Bega langu la kulia lilianza kuuma taratibu miezi sita iliyopita, sikuanguka wala kugongwa. Sasa mkono haufiki mgongoni, siwezi kumsuka mjukuu wangu, na usiku nikilalia upande huo ninaamka kwa maumivu. Nina kisukari na ninatumia metformini. Nimechomwa sindano za diklofenaki za kutuliza maumivu, nimechuliwa na fundi wa viungo hadi nikalia, na jirani anasema ni baridi yabisi, niache kabisa kuutumia mkono. Hospitali walipiga eksirei, wakasema mifupa ni mizima, niende fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Mazoezi yatasaidiaje bega ambalo siwezi hata kulinyanyua? Nauli ya kwenda mjini kila wiki siimudu. Na je, niendelee na shamba?

Jibu: Shikamoo mama. Nashukuru kwamba umeeleza tatizo lako kwa utaratibu, kwa sababu namna maumivu yalivyoanza, umri wako, kisukari, na zile kazi ambazo mkono umezikataa vinamwambia mtaalamu mengi kuliko picha. Siwezi kukupima kwa maandishi. Hata hivyo, bega linaloanza kuuma taratibu bila ajali kwa mtu wa kati ya miaka 40 na 60, likasumbua zaidi usiku, kisha likapoteza mwendo wa kila upande huku eksirei ikiwa safi, mara nyingi ni bega lililoganda. Nitajibu nikichukulia kwamba ndilo hilo, na nitakuonyesha namna ya kulihakiki kabla hujaanza zoezi lolote. Kwa kifupi, mazoezi yanasaidia, lakini ni yale ya kiasi, yanayofanywa nyumbani kila siku na kuongozwa na jinsi bega lenyewe linavyoitikia. Kulilazimisha kunalirudisha nyuma, na kuacha kulitumia kunalikaza zaidi.

Kiungo cha bega kimeumbwa kwa ajili ya mwendo mpana. Kichwa cha mfupa wa mkono wa juu ni kikubwa na cha mviringo, ilhali kishimo kinachokipokea ni kidogo na hakina kina, kiasi kwamba kwa wakati wowote ni sehemu ndogo tu ya kichwa hicho inayogusana nacho. Kinachokizuia kisichomoke ni misuli 4 midogo ambayo kano zake zinakizunguka, pamoja na mfuko mwembamba lakini imara unaokifunika kiungo chote. Kwa kawaida mfuko huo ni mlegevu na una mikunjo upande wa kwapani, na mikunjo hiyo ndiyo inayokunjuka unapoinua mkono kuchuma shada la zabibu lililo juu. Katika bega lililoganda mfuko hupata uvimbe wa ndani wenye maumivu makali, kisha hujaa nyuzi zinazofanana na za kovu, ukawa mnene na kusinyaa. Mfuko ambao ungeweza kupokea mililita 20 au zaidi za kimiminika hubaki ukipokea chini ya 10. Mkono haupandi kwa sababu nafasi ya kuzungukia imepungua, si kwa sababu wewe ni mvivu au umezeeka, na ninalisema hili wazi kwa kuwa akina mama wengi wa vijijini huja wakiwa wameshasemwa vibaya na watu wa nyumbani.

Uhakiki wenyewe ni rahisi. Kaa kwenye kigoda, bana viwiko vyote viwili ubavuni, vikunje ili mikono ielekee mbele, kisha ifungue yote miwili kwenda nje bila kuachia viwiko kutoka ubavuni. Tazama tofauti. Halafu ulegeze mkono wa kulia, na mtu wa nyumbani aushike karibu na kiganja na kuupeleka nje polepole. Ikiwa mkono unagoma palepale, uwe unaupeleka mwenyewe au unapelekwa na mwingine, mfuko umekaza. Ikiwa wewe unashindwa lakini mwingine anaufikisha mwisho bila shida, tatizo linaelekea kuwa kwenye kano au misuli, na mara nyingi mtu wa namna hiyo husikia maumivu katikati ya safari anapoinua mkono kupitia ubavuni, takriban kati ya nyuzi 60 na 120, huku chini na juu ya hapo pakiwa na nafuu. Tofauti hii ni ya msingi, kwa sababu bega la kano linahitaji kuimarishwa kwa uzito unaoongezwa hatua kwa hatua, na bega lililoganda linahitaji kwanza kutulizwa, kisha kurudishiwa nafasi.

Eksirei yako haikupigwa bure ingawa haikuonyesha kitu. Picha hiyo huonyesha mifupa, wala haiuonyeshi mfuko wala kano, lakini imesaidia kuondoa mambo mengine yanayoweza kuukaza mkono hivyo hivyo, kama vile kusagika kwa kiungo, uharibifu wa mfupa, au bega lililochomoka kuelekea nyuma. Hili la mwisho hupita bila kutambuliwa, hasa kwa mtu aliyepata kifafa, aliyepigwa na umeme, au mwenye kisukari ambaye sukari ilishuka hadi akapata mtukutiko. Ikiwa limewahi kukupata lolote kati ya hayo, mwambie daktari, ili bega hilohilo lipigwe picha kutoka pembe nyingine pia, kwa sababu picha ya mbele peke yake inaweza kudanganya.

Sasa kuhusu kisukari, ambacho naona hakuna aliyekihusisha na bega lako. Kwa watu kwa jumla, bega lililoganda hukadiriwa kuwapata watu 2 hadi 5 kati ya 100, lakini kwa wenye kisukari makadirio mengi yako kati ya 10 na 20. Sukari inapokaa juu kwa muda mrefu hujishikiza kwenye nyuzi za protini zinazojenga mfuko wa kiungo na kano, nyuzi hizo zikafungamana na kupoteza unyumbufu wake. Kutanisha viganja vyako kama mtu anayesali, vidole vikiwa vimenyooka. Ikiwa viganja na vidole havikutani vizuri katikati, ukakamavu umeshaingia mikononi pia, na hiyo ni dalili kwamba sukari inahitaji kuangaliwa upya. Omba kliniki ikupime kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu hivi, badala ya kutegemea kile cha kutoboa kidole asubuhi moja. Kuidhibiti sukari hakulifungui bega kwa wiki moja, na nisingependa ukae ukisubiri hivyo. Ila bega la mwenye kisukari huelekea kuchukua muda mrefu zaidi na kubaki na ukakamavu zaidi, na sioni busara ya kulitibu bega huku chanzo kimojawapo kikiachwa kikiendelea. Wagonjwa wa tezi ya shingo nao wako katika hatari kubwa kuliko wengine, kwa hiyo ikiwa una uvimbe shingoni, au unachoka na kubadilika uzito bila sababu, tezi hiyo ipimwe.

Kuhusu muda, nitakueleza ukweli mapema, kwa kuwa wagonjwa wengi huacha tiba iliyokuwa ikifanya kazi kwa sababu tu waliahidiwa mwezi mmoja. Tatizo hili kwa kawaida huchukua mwaka 1 hadi 3. Hatua ya maumivu huweza kuchukua miezi 2 hadi 9. Hufuata hatua ya kukaza, ambapo maumivu ya usiku hupungua lakini mkono unabaki umefungwa. Kisha hatua ya kufunguka, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote na huenda polepole. Hatua hizo huingiliana bila mpaka ulio wazi. Kwa maelezo yako, unaonekana kuwa mwishoni mwa ya kwanza ukiingia ya pili, na hapo ndipo makosa ya nguvu hugharimu zaidi. Watu wengi hurudia kazi zao zote, baadhi wakibaki na upungufu mdogo wa mwendo ambao hawauoni mpaka wapimwe.

Fundi aliyekuchua hadi ukalia alikuwa na nia ya kukusaidia, na kuchua kwa upole misuli ya shingo na ya juu ya bega kunaweza kweli kukupumzisha, kwani misuli hiyo huchoka kwa kufidia kazi ya kiungo kisichosogea. Kuuvuta mkono kwa nguvu ili kiungo kiachie ni jambo jingine kabisa. Mfuko uliovimba ukivutwa ghafla huchanika vipande vidogo, huvuja damu, huvimba upya, na mwili hujibu kwa kuongeza kovu lilelile unalotaka kuliondoa. Na kwa mtu ambaye mifupa yake imeanza kudhoofika baada ya kukoma hedhi, mfupa wenyewe unaweza kuvunjika. Mwaka 2004, watafiti nchini Uholanzi walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 2 wagonjwa 77 wa bega lililoganda. Kundi moja lilinyooshwa kwa nguvu hadi kuvuka mpaka wa maumivu. Kundi la pili lilielezwa ugonjwa wenyewe, likafundishwa kuubembeza mkono na kufanya mazoezi ndani ya kiasi kinachovumilika, na likaruhusiwa kuendelea na shughuli za kawaida kadiri bega lilivyokubali. Mwishoni, asilimia 89 ya kundi la upole walikuwa na bega la kawaida au linalokaribia kuwa la kawaida, dhidi ya asilimia 63 ya kundi la nguvu. Wagonjwa hao hawakugawanywa kwa bahati nasibu, kwa hiyo matokeo hayo si neno la mwisho, lakini yanakubaliana na ninachokiona katika kazi yangu kila mara. Ninakusihi pia usikubali kuchanjwa chale juu ya bega, kwa sababu kidonda cha mwenye kisukari hakichezewi.

Ushauri wa jirani wa kuacha kabisa kuutumia mkono nao una madhara, ingawa unasikika kuwa wa huruma. Mkono uliofungwa kwa kanga kifuani kwa wiki kadhaa huukuta mfuko ukizidi kusinyaa, misuli ikinyauka, na vidole vikivimba. Uning'inize kwa kanga kwa siku moja au mbili tu maumivu yanapokuwa makali mno, na hata siku hizo vidole, kiganja na kiwiko viendelee kukunjwa na kunyooshwa.

Huenda utaambiwa kwamba dawa ya kweli ni upasuaji. Mwaka 2020, Uingereza ilichapisha utafiti mkubwa uliowahusisha wagonjwa 503 katika hospitali 35, ukilinganisha njia tatu: fiziotherapia iliyopangwa vizuri pamoja na sindano ya steroidi (dawa kali ya kupunguza uvimbe) ndani ya kiungo, kunyooshwa kwa kiungo mgonjwa akiwa usingizini kwa dawa, na upasuaji wa matundu madogo wa kuukata mfuko. Baada ya mwaka mmoja hakuna njia iliyozizidi nyingine kwa kiwango ambacho mgonjwa angekihisi katika maisha yake, na upasuaji ndio ulioandamana na madhara makubwa zaidi. Kwa hiyo upasuaji unabaki kwa wachache ambao miezi mingi ya tiba ya kawaida haikuwasaidia.

Sindano ya steroidi ndani ya kiungo ni hoja ya kuijadili na daktari, na wala si sawa na zile za diklofenaki ulizochomwa. Inapotolewa katika kipindi cha maumivu makali inaweza kukupa wiki kadhaa za nafuu, na nafuu hiyo ndiyo inayokuwezesha kufanya mazoezi. Lakini hupandisha sukari kwa siku kadhaa, kwa hiyo isifanyike kabla daktari hajajua hali ya sukari yako, na baada yake ujipime mara nyingi kuliko kawaida. Diklofenaki yenyewe nisingependa uendelee kuitumia kwa mazoea. Inaweza kuumiza figo, kuleta vidonda vya tumbo na kupandisha shinikizo la damu, na figo za mwenye kisukari tayari zina mzigo wa kutosha. Muulize daktari kama parasetamo inakutosha, hasa ile ya kunywa kabla ya kulala au nusu saa hivi kabla ya mazoezi.

Kipimo cha mazoezi ndicho kiini cha jibu langu lote. Wanaowamba ngoma za muheme hapa kwetu Ugogo wanajua kwamba ngozi hulegea na kufuata ikivutwa kidogo kidogo ikiwa na unyevu, na kwamba ikivutwa ghafla ikiwa kavu huchanika. Mfuko wa bega lako unataka uvumilivu wa namna hiyo. Unapofanya zoezi utasikia kuvutwa, na pengine maumivu kidogo, ambayo ukiyapa alama kati ya 0 na 10 yasizidi 3 au 4. Ukimaliza, yatulie ndani ya nusu saa hivi. Kisha usiku utoe hukumu: ikiwa ulilala kama kawaida au vizuri zaidi, endelea na kiasi hicho au ongeza kidogo, ikiwa uliamka mara nyingi zaidi, siku inayofuata punguza nusu, lakini usiache kabisa. Mgonjwa anayeijua kanuni hii anaweza kujiongoza mwenyewe kwa wiki kadhaa kijijini, na ndiyo maana ninaisisitiza kuliko zoezi lolote moja.

Anza na bembea. Egemea meza au ukingo wa dirisha kwa mkono wa kushoto, inama kidogo, na uache mkono wa kulia uning'inie ukiwa umelegea kabisa. Usiuzungushe kwa misuli ya bega. Yumbisha kiwiliwili chako taratibu, mbele na nyuma, kisha upande kwa upande, na mkono ufuate wenyewe kwa dakika 1 au 2. Watu wengi hulikosea zoezi hili kwa kuuzungusha mkono kwa nguvu, na hapo faida yake yote hupotea. Unaweza kulifanya mara kadhaa kwa siku, hata ukiwa unasubiri maji yachemke, na linafaa zaidi asubuhi kabla ya kazi.

Zoezi la pili ninalipa uzito kuliko yote, kwa sababu linafuata mwendo uliofungwa zaidi. Lala chali kwenye mkeka au kitandani, weka kanga iliyokunjwa chini ya kiwiko cha kulia ili kiwe sawa na kifua, na kiwiko kikunjwe na kubanwa ubavuni. Shika kijiti chenye urefu wa mpini wa jembe kwa mikono yote miwili, kisha mkono wa kushoto ukisukume kijiti hicho uelekeo wa kulia, kikiupeleka mkono wa kulia nje huku wenyewe umelegea. Unapofika panapovuta, simama hapo kwa sekunde 20 hadi 30 ukipumua kwa utulivu, rudi, pumzika, rudia mara 5. Fanya hivyo asubuhi, mchana na jioni. Usidunde mwishoni mwa mwendo, yaani usisukume kwa mshituko ili upate sentimita moja zaidi.

Ukiwa bado umelala chali, shika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto na uuinue kuelekea juu ya kichwa hadi panapovuta, kaa, kisha ushushe polepole. Ukiweza huo bila kuongeza maumivu ya usiku, hamia kwenye meza: kaa, weka mikono yote miwili juu ya kitambaa juu ya meza, na uisukume mbele huku kifua kikiinama kuifuata. Baadaye simama ukitazama ukuta na utembeze vidole kupanda juu, ukiweka alama ya mkaa pale vilipofika. Alama hiyo itazame mara moja kwa wiki tu. Kuipima kila siku kunavunja moyo, kwa kuwa mfuko huachia polepole mno.

Mwendo wa kupeleka mkono mgongoni, ambao najua ndio unaokuudhi zaidi, uache uwe wa mwisho. Huuvuta mfuko kwa namna kali kuliko yote, na wanaouanza mapema hulipa kwa usiku wa maumivu. Maumivu ya usiku yakishakwisha na mkono ukishafunguka nje angalau nusu ya ule wa kushoto, tumia kanga: mkono wa kushoto uishike kwa juu nyuma ya shingo, wa kulia uishike chini kiunoni, na wa juu uuvute wa chini kidogo sana. Nguvu nayo huja baadaye, kwa kuanza kusukuma ukuta kwa ngumi huku kiwiko kikiwa kimebanwa ubavuni na mkono usisogee, sekunde 10 kwa mara, kisha kwa kuvuta ukanda wa tyubu ya baiskeli uliofungwa kwenye nguzo.

Joto kabla ya mazoezi hulegeza misuli na kupunguza maumivu, na asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Dodoma inapouma, utalihitaji zaidi. Baridi hiyo huongeza maumivu, ila haijaligandisha bega lako. Kanda kwa kitambaa kilichokamuliwa maji ya moto kwa dakika 10 au 15, ukikumbuka kwamba kisukari kinaweza kupunguza hisia za ngozi, kwa hiyo mtu mwingine, au mkono wako wa kushoto, upime joto kwanza. Usiweke chupa ya maji yanayochemka moja kwa moja kwenye ngozi. Usiku, lala chali ukiwa na blanketi lililokunjwa chini ya kiwiko ili mkono usidondoke nyuma, au lalia upande wa kushoto ukiwa umekumbatia mto. Ukivaa, tanguliza mkono unaouma kwenye gauni, na ukivua uutoe wa mwisho.

Kuhusu nauli, sidhani kwamba unahitaji kwenda mjini kila wiki. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa Uingereza wa watu 708 wenye maumivu ya kano za bega, ukilinganisha hadi vikao 6 vya mazoezi na mtaalamu na kikao kimoja cha maelekezo ya kina kikifuatwa na mazoezi ya nyumbani, na baada ya mwaka hapakuwa na tofauti ya maana. Hao walikuwa wagonjwa wa kano, tofauti na wewe, na bega lililoganda linahitaji kuonwa zaidi ya mara moja kwa sababu hubadilika kihatua. Lakini funzo moja linakuhusu: kinacholiponya bega ni kile unachokifanya nyumbani kwa usahihi. Nenda mara moja kwenye idara ya fiziotherapia, iwe ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au ya Benjamin Mkapa, ukiwa na picha yako ya eksirei na kadi ya kliniki ya kisukari, na mweleze mtaalamu waziwazi unakotoka na kiasi cha nauli. Mwombe akupime mwendo wa pande zote na kuuandika, akufundishe mazoezi mawili au matatu, na asikuache uondoke kabla hujamwonyesha unavyoyafanya. Kurudi baada ya wiki 4 hadi 6 kunatosha kwa kuanzia. Mtaalamu anayekuwekea tu taa ya joto au mashine ya umeme kwa dakika 20 na kukuambia urudi kesho, bila kukufundisha zoezi hata moja, hajakupa ulichokifuata, na una haki ya kuomba zaidi.

Kuna hali ambazo hazipaswi kusubiri mazoezi wala miadi. Nenda hospitali mapema ikiwa bega limevimba na kuwa la moto ukiwa na homa; ikiwa unapungua uzito, unatoka jasho usiku au unakohoa kwa muda mrefu, kwa sababu kifua kikuu kinaweza kuingia kwenye kiungo; ikiwa una uvimbe kwenye titi au kwapani; ikiwa mkono umeishiwa nguvu ghafla, au ganzi inashuka hadi vidoleni; au ikiwa maumivu hayabadiliki kabisa kwa namna yoyote unavyokaa. Maumivu ya bega au mkono yanayokuja unapotembea au kupanda mlima, yakiambatana na kubanwa kifua, jasho jembamba au kukosa pumzi, ni ya moyo hadi ithibitike vinginevyo, na kwa mwenye kisukari moyo unaweza kuugua bila maumivu makali ya kifua. Hapo ni kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Mwisho ni shamba. Endelea nalo, kwa kuchagua kazi. Kupalilia kwa jembe la mpini mfupi, kuchambua zabibu ukiwa umekaa, na kuchuma mashada yaliyo chini ya usawa wa bega ni kazi zinazofaa, mradi ubadilishe kazi kila baada ya nusu saa hivi. Kuinua mkono juu ya kichwa kwa muda mrefu, kutwanga kwenye kinu, kuvuta ndoo kisimani na kujitwisha ndoo ya lita 20 viache kwa sasa. Maji yaje kwa baiskeli au mkokoteni, au yabebwe nusu ndoo kwa mkono wa kushoto. Kupogoa ndiko kunakonipa wasiwasi, kwa sababu mizabibu yetu huvunwa mara mbili kwa mwaka na kila msimu unadai makasi yabanwe maelfu ya mara mkono ukiwa umenyooshwa mbele. Kama kuna kijana wa kulipa kwa msimu unaokuja, mlipe akapogoe, nawe utembee naye ukimwonyesha macho ya kubakiza, yaani vichipukizi vya kwenye matawi. Msimu utakaofuata tutaamua kwa kutazama alama ya mkaa ukutani: vidole vikiwa vimepita usawa wa macho na usiku ukiwa unalala bila kuamka, utaanza kupogoa mistari michache asubuhi, na bega litakuonyesha kesho yake kama uongeze.